Faili Jembamba

Chumba cha mafaili,
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Kwako kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na watoto wote watatu, pamoja na yule paka wenu asiyenipenda. Kwa kawaida mahali hapa huwa naandika kwamba mimi sijambo na wasiwasi wangu ni juu yenu, halafu naendelea na mengine kana kwamba sijasema kitu. Leo naiandika sentensi hiyo taratibu. Mimi sijambo. Wasiwasi wangu ni juu yako wewe. Si wifi, si watoto, na paka ndiyo kabisa.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu zipo. Kwenye simu huwa hunishindi kwa hoja, unanishinda kwa utani. Nikiulizia miguu yako unaniuliza kama siku hizi nimeolewa na daktari. Nacheka, salio linakwisha, tunaagana, na mimi nabaki na simu mkononi nikijiona mjinga. Basi barua hii nampa dereva wa gari la mashuka. Nimemwomba akukabidhi wakati wa chai, maana ukiipata wakati wa kazi utaisukumia mfukoni iloe jasho na mvuke, isisomeke tena. Kaa chini uisome. Na ukifika mahali pa kukasirika, usiishie hapo.

Miaka yote hii hujawahi kushuka huku chini ninakofanya kazi. Chumba chetu kiko chini ya wodi ya wazazi. Dirisha ni moja tu, refu na jembamba, karibu na dari, na nje yake ndiyo njia ya kuingilia hospitali. Kwa hiyo hatuoni nyuso za watu, tunaona miguu. Asubuhi inapita miguu mingi yenye haraka, kisha inapungua, na ikifika saa saba jua linaingia kwa mshazari na vumbi la makaratasi linaelea humo ndani polepole, halipandi wala halishuki. Juu yetu watoto wachanga wanalia. Sauti zao zinatufikia zikiwa zimechujwa na zege, laini, kama mtu anayeimba akiwa amefunika mdomo kwa kanga. Wenzangu wakienda kula mimi hubaki. Nakaa kwenye stuli yangu kati ya rafu na mara nyingine sijui kama niko macho au nimesinzia.

Rafu zetu zimepangwa kwa mitaa, kama mji ulivyo. Zinaanzia mlangoni na mitaa ya kule juu kilimani, zinateremka na mitaa ya katikati, mpaka ukutani kabisa, kwenye unyevunyevu, ndiko kuna sisi wa bondeni. Ni hatua arobaini. Saa ile ya vumbi huwa natembea mji mzima kwa hatua arobaini, nimevua viatu, nikipitisha kidole kwenye migongo ya mafaili. Usinicheke, kaka, lakini nawasikia watu. Kule juu nasikia lango kubwa likifunguliwa bila kelele. Katikati nasikia redio. Kwetu nasikia maji yakijaa kwenye ndoo na mtu akimwita mwenzake waende, wamechelewa.

Miezi miwili iliyopita alikuja dada mmoja wa takwimu. Msichana mpole, anavaa miwani mikubwa, na huongea na kalamu yake akidhani hatumsikii. Alitumwa ahesabu mafaili yaliyofungwa, yaani ya watu waliokwisha kufariki, na mkuu wetu alinipa mimi kazi ya kumsomea. Mkuu wetu tunamwita Mzee Gundi, kwa sababu hawezi kuona faili limechanika akalipita. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye rafu, kulitoa faili, na kusoma umri ulioandikwa kwenye pembe ya juu siku lilipofungwa. Yeye anaandika. Tulifanya hivyo wiki sita.

Nilianza na kule juu. Themanini na nne. Sabini na tisa. Tisini na moja. Themanini na nane. Nilisoma kwa sauti ya chini, na ikawa kama wimbo wa kumbembeleza mtoto, mpaka dada wa takwimu akapiga mwayo akaomba radhi. Tukateremka katikati, namba nazo zikateremka. Wiki ya tano tukafika ukutani. Hamsini na sita. Sitini na moja. Arobaini na tisa. Hamsini na nane. Hapo hakuna aliyepiga mwayo. Mara mojamoja alitokea mtu wa themanini na kitu, na mimi nilikuwa nalisoma faili hilo kwa furaha, kama aliyeokota kitu barabarani.

Alipomaliza kujumlisha aliniambia kati ya mlangoni na ukutani kuna tofauti ya wastani wa miaka ishirini na mitatu. Nilimuuliza kama kule juu wanapewa dawa nyingine. Akasema hapana, ndiyo maana wamemtuma. Hospitali ni moja, dawa ni zile zile, madaktari ni hao hao, halipi mtu wa juu wala wa chini. Zamani, kabla ya matibabu kuwa bure kwa wote, tofauti ilikuwa kubwa zaidi, kwa hiyo asifikiri mtu kwamba hayakusaidia. Ila dawa, alisema, inamtibu aliyefika. Haimpi mtu siku ya kuja, haimtoi kwenye mvuke na vumbi, wala haimwondolei mawazo ya kesho atakula nini. Aliyasema hayo akiiambia kalamu yake, lakini mimi ndiye niliyeyasikia.

Sasa nikwambie kitu kinachonitia aibu. Miaka yote ile mimi nilikuwa najivunia rafu yetu. Mafaili ya kule juu ni manene, mengine yamefungwa kamba mbilimbili. Yupo mama mmoja wa huko, mstaafu, ana bustani ya maua na huniletea mawili matatu ninayoyaweka kwenye chupa ya wino. Faili lake limekuwa mafaili matatu. Akikohoa Jumatatu, Jumanne yuko hapa. Anakaa kwenye benchi na kitabu chake, anasoma kurasa thelathini, anaitwa, anapimwa, anaambiwa si kitu, anarudi kumwagilia maua. Nilikuwa namcheka moyoni. Nilikuwa nasema watu wa juu ni mayai, sisi ni watu wagumu, tazama mafaili yetu, membamba kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Ndivyo alivyokuwa akisema baba, unakumbuka? Kwamba hospitali haimjui. Alikuwa akilisema hilo kifua mbele.

Yule mama ana miaka themanini na miwili. Nilikuwa namcheka, kumbe ndiye anayejua hospitali ni ya nini.

Siku ya mwisho ya hesabu nilimsomea dada wa takwimu faili la baba. Sikumwambia ni baba. Hamsini na nne, nikasema, na yeye akaandika, akasubiri la pili. Lakini mimi sikuliachia. Nililifungua. Lina karatasi tatu, kaka. Ya kwanza inasema presha iko juu sana, arudi baada ya wiki mbili. Ya pili ni tarehe mbili alizokosa, na wewe unajua alikuwa wapi tarehe hizo, alikuwa anapakia magunia, kwa sababu asiyeonekana asubuhi nafasi yake huchukuliwa na mwingine. Ya tatu inasema ameondolewa kwenye orodha, akitaka aanze upya na barua ya zahanati. Hakuanza upya. Alisema hawezi kwenda kumpigia mtu magoti. Alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, wewe ulikuwa na ishirini na mitatu, na mwezi uliofuata uliingia kwenye kiwanda cha dobi ili mimi nisitoke shule. Uliingia kwenye mvuke ili mimi nikae kwenye makaratasi. Sijawahi kukuambia asante kwa maneno. Leo nasema asante, na nasikitika kwamba inakuja mbele ya hili ninalotaka kukwambia.

Huwa nakuwaza ukiwa kazini, hasa mashuka yakifika. Yanashushwa kwenye korido yetu Jumatatu na Ijumaa, yamekunjwa, bado yana joto, na mimi hupita nikayagusa. Najua ni wewe uliyeyapitisha kwenye ile pasi kubwa ya mvuke. Najua pia jinsi unavyokunja pembe, kidole gumba ndani, kama ulivyokuwa ukinikunjia sare. Nusu ya watu wa mji huu wamelala kwenye mikono yako bila kukujua. Mashuka yako yamefika hospitali mara nyingi kuliko wewe. Nilitaka huo uwe utani, lakini sasa nauona ulivyo.

Juzi wifi alinipigia. Usimgombeze. Alisema umeacha kufunga kamba za viatu. Kwamba asubuhi vinaingia, jioni havitoki mpaka avivute yeye, na soksi zinakuachia mfereji kwenye mguu ambao ukiubonyeza haurudi. Alisema unaamka umechoka kuliko ulivyolala, na unamwambia dada yako yuko hospitali, dawa zinakuja, kwa hiyo mambo yamekaa sawa. Niliposikia hayo ya mwisho niliketi sakafuni kati ya rafu.

Sikiliza sasa, kaka. Miezi kumi na sita iliyopita ulikuja kliniki ya presha mara moja, wakakuambia urudi kila baada ya miezi miwili, ukaniachia kadi yako niitunze. Tarehe ya kwanza ilipofika ulinipigia ukasema siku hiyo kuna mashuka ya hoteli mpya, haiwezekani. Nikasema usijali, nitaona la kufanya. Nawe tangu hapo ukapokea dawa kutoka kwa dereva, kwenye bahasha, na hukuuliza ninazipataje. Labda ulidhani daktari amekubali. Hakukubali mtu. Hakuna aliyejua.

Huku kwetu jioni mafaili hurudi kutoka kwa madaktari, na karani hupiga muhuri kwenye kadi na kwenye daftari la siku kwa kila mtu aliyefika. Anayekosa muhuri kwa tarehe mbili, jina lake huandikwa kwenye kitabu chekundu. Mwenye muhuri huo ni mimi. Nilipiga muhuri kwenye kadi yako, AMEFIKA, nikaenda nayo dirisha la dawa, wakanipa dozi ile ile ya kwanza. Mara saba. Mara saba nimeandika kwamba ulikuwa hapa, na faili lako halikutoka hata kwenye rafu. Hakuna aliyekupima presha. Hakuna aliyechukua damu kuangalia figo. Hakuna aliyeongeza dawa wala kupunguza.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya karatasi ya tatu ya baba. Nilipoajiriwa, kitabu chekundu kilikuwa cha kuwaondoa watu. Jina likiingia humo limekwisha. Nilimwona mkuu aliyemtangulia Mzee Gundi akiyakata kwa rula. Niliapa jina lako halitaandikwa humo maadamu muhuri uko mkononi mwangu, na kila nilipoupiga nilijisikia vizuri, nilihisi nimekuficha nyuma ya mgongo wangu na wanaokutafuta wamepita.

Jumatatu iliyopita aliteremka muuguzi mmoja na kitabu hicho kwapani. Mwanamke mfupi, viatu vya mpira, sauti ya kuuza samaki. Aliomba mafaili ya watu wa bondeni kumi na saba. Nikamuuliza kwa unyonge kama wote hao wameondolewa. Akanitazama kana kwamba nimetoka usingizini, na labda ndivyo ilivyokuwa. Akasema ni miaka miwili sasa sheria imebadilika. Siku hizi kitabu chekundu ni cha kuwafuata watu. Asiyefika mara mbili, yeye anamwendea nyumbani, Jumapili au jioni baada ya kazi, na mashine ya presha kwenye begi, na chupa za damu. Tangazo lilibandikwa ghorofa ya kwanza. Huku chini hakuna aliyetuletea, na sisi si watu wa kupanda juu. Akaniambia wawili kati ya wale wa mwaka jana aliwakuta wanakaribia kwenda na maji, na leo wako kazini.

Nikaomba nikione kitabu. Nilifungua ukurasa mmoja, mwingine, mwingine. Yupo jirani yako fundi viatu. Yupo mwenzako wa kwenye mashine ya kukausha. Yupo hata yule mlevi wa kona. Wewe hupo. Miezi kumi na miwili muuguzi huyu amekuwa akipita mlangoni kwako, akibisha kushoto na kulia, na kwako habishi, kwa sababu kitabuni wewe ni mtu anayefika kila mara. Ni mimi niliyemzuia, kaka. Hakukuzuia msimamizi wako wala mvuke. Nilikuficha kweli, ila nilikuficha kwa mtu aliyekuwa anakuletea uhai.

Nililia mbele yake. Alinipa kitambaa chenye harufu ya spiriti, akasubiri, kisha akaniuliza unaitwa nani na unakaa wapi. Nilichukua kalamu nikaliandika jina lako mwenyewe, kwa herufi kubwa, kama mtoto anayejifunza. Halafu nikaenda kwa Mzee Gundi nikamweleza yote, muhuri kwa muhuri. Aliweka brashi yake ya gundi chini. Akasema alijua mimi ni mwepesi wa ndoto, hakujua kama ni mwepesi wa kudanganya. Aliuchukua ufunguo wa droo yangu ya muhuri. Nimeandika maelezo kurasa mbili na wamenisimamisha kazi siku kumi na nne kuanzia Jumatatu, mpaka wakubwa waamue kama nitarudi. Sitakudanganya, naogopa. Lakini ninachokiogopa zaidi ni mfereji ule kwenye mguu wako.

Muuguzi alitaka kukujia Jumapili. Niliposema habari ya miguu alibadilika uso, akasema mguu unaobaki na alama si wa kusubiri mtu wa begi, unataka daktari na maabara, na mapema. Akakutafutia nafasi Jumanne saa mbili asubuhi. Najua utakachosema. Jumanne ni siku ya mashuka ya hoteli, na asiyeonekana asubuhi nafasi yake huchukuliwa na mwingine.

Sawa. Nimekwenda kwa msimamizi wako. Jana jioni, ulipokwisha kutoka, nikiwa na gauni langu la harusi za watu na viatu vya kubana. Nilimwomba kwamba Jumanne nafasi yako ichukuliwe na mimi. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema karani hawezi kusimama mbele ya pasi kubwa kwa muda wa saa tisa. Nikamwambia anijaribu, akaniweka kwenye mashine dakika ishirini. Nimeungua vidole viwili na niliharibu foronya moja, lakini sikutoka. Mwisho akasema mradi kuna mikono miwili na mashuka yanatoka yamenyooka, yeye hana habari ni mikono ya nani, na siku itaandikwa kwa jina lako. Na wenzako upande ule wamesema watanisaidia kwenye mashuka mapana. Nina siku kumi na nne zisizo na mwenyewe, kaka. Ya kwanza, Jumatatu, nitapumzika nitibu vidole. Ya pili ni yako. Wakikuhitaji tena wiki inayofuata, nayo ipo.

Msalimie sana wifi, mwambie nimemsikia. Wabusu watoto, na mkubwa aambiwe kitabu chake cha hesabu kiko kwangu. Dereva atasubiri umalize kusoma, ila usimpe jibu, maana najua litakuwa utani au matusi, na yote mawili nayastahili. Umenisomesha mimi nikautumia usomi huo kukuandika mzima. Una haki ya kunikasirikia, hata mwaka mzima, hata usinifungulie mlango.

Ila anza Jumatano. Jumanne nenda hospitali.

Ni mimi mdogo wako,
wa mwisho kuzaliwa